Nani Alimwingiza Mpiga Fidla Kwenye Kompyuta? Safari ya Okestra Mpaka Kwenye Singeli ya Bunda

Wadau, hii stori ilianzia kwenye harusi.

Juzi kati nilikuwa Bunda kwenye harusi ya binamu yangu. Ukumbi umejaa, MC kapayuka mpaka sauti imekauka, mara DJ akaachia singeli. Unazijua zile zinazoanza na fidla za kulia, halafu zinakwenda kasi kama nyuki waliochokozwa, ngoma ikiingia tu watu wanasahau walikuja na nani. Hata mama mkwe alisimama.

Pembeni yangu alikaa babu mmoja, Mkurya wa Tarime, upande wa bwana harusi. Yeye hakusimama. Alikunja uso anasikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Nikamwamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu niambie, huyu anayepiga fidla amekaa wapi? Simwoni."

Nikacheka. Nikamwambia hakuna mtu babu, ile sauti iko ndani ya kompyuta ya DJ. Akaitazama meza ya DJ, akanigeukia.

"Sawa. Na nani alimwingiza humo?"

Aisee, nilikosa jibu. Kesho yake nikapanda gari kurudi Musoma, tumefika Makutano bado swali linanisumbua. Sisi kila siku tunasikia fidla, tarumbeta, ngoma kubwa za okestra na kwaya za "aaah" kwenye singeli, Bongo Fleva, amapiano na nyimbo za injili, na ukumbini hakuna fidla hata moja. Basi nikaanza kuchimba. Nilichokipata ni kirefu kuliko nilivyodhani, na kina watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Okestra zetu hazikuwa na fidla

Kwanza tuweke sawa neno lenyewe. Ukimwambia mzazi wako "okestra", hafikirii wazungu waliovaa suti nyeusi na fidla mabegani. Anafikiria gitaa. Orchestra Maquis, Orchestra Makassy, Orchestra Safari Sound, Orchestra Super Matimila ya Remmy Ongala. Hizo ndizo okestra za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980: magitaa matatu au manne, besi, dramu, tumba, saksafoni na tarumbeta. Fidla? Hakuna.

Jina lilipita Kongo, kwa watu wanaotumia Kifaransa, ambako kila bendi kubwa ya dansi iliitwa "orchestre". Maquis na Makassy zilikuwa na wanamuziki wenye asili ya huko, wakaja na jina lao, nasi tukalipokea. Kwa hiyo Mtanzania alikuwa na neno okestra miaka mingi kabla ya sauti za okestra ya kizungu kuingia kwenye mashine zake za muziki. Sauti ya fidla yenyewe ilikuja kwa njia nyingine kabisa, ya baharini.

Fidla ilishukia Unguja

Simulizi inayojulikana zaidi ya taarab inaanza na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Alipenda muziki wa Misri, akamtuma kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, aende Cairo kujifunza kupiga kanuni. Kijana akarudi, akafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho mpaka leo kipo. Udi, kanuni, fidla na ngoma ndogo za mkono vikawa vitu vya kawaida Unguja.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, India, kurekodi santuri. Fikiria hilo kidogo. Mtoto wa kijijini, aliyewahi kuuza vyungu mitaani, anapanda meli kwenda kurekodi nyimbo za Kiswahili huku fidla ikilia nyuma yake. Jina la Siti tunalijua sote. Sasa jiulize, aliyeshika fidla alikuwa nani? Mimi nimeuliza vijana kumi wa Musoma, hakuna aliyejaribu hata kubahatisha.

Baadaye redio na filamu za Misri zikawateka watu wa pwani. Okestra za akina Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zilikuwa na safu nzima za fidla zinazopiga pamoja kama mtu mmoja. Zanzibar nao wakazipanua za kwao. Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, ni mfano mzuri: fidla kadhaa, akodiani, kanuni, udi, besi kubwa ya kusimama, na waimbaji nyuma. Jukwaani watu ishirini na zaidi, wamekaa kwenye viti, wamevaa vizuri.

Ukisikiliza taarab ya aina hiyo utagundua kitu. Mwimbaji akimaliza beti, fidla zinajibu. Zinajibu wimbo uleule, kwa pamoja, halafu zinanyamaza kumpisha. Hiyo tabia ya fidla kujibu iweke akilini, maana tutakutana nayo tena ukumbini Bunda.

Wakati huohuo, ughaibuni wanaingiza okestra kwenye sanduku

Tuliache taarab hapo, tuangalie mashine. Tatizo lilikuwa pesa. Okestra ni watu wengi, na watu wanakula. Kwa hiyo mafundi wakaanza kutafuta namna ya kupata sauti ya watu hamsini kwa kumlipa mmoja.

Miaka ya 1960 Waingereza wa Birmingham walitengeneza kinanda kinachoitwa Mellotron. Ndani yake, chini ya kila kitufe, kulikuwa na kipande cha tepu kilichorekodiwa ala halisi. Ukibonyeza, tepu inacheza. Ukiendelea kushikilia, baada ya sekunde kama 8 tepu inaisha na sauti inakata. Kwa hiyo wapiga fidla halisi walikuwemo ndani ya sanduku, ila kwa sekunde 8 tu. Mwaka 1974 Waholanzi wakatoa Solina String Ensemble, ambayo haikurekodi mtu yeyote. Yenyewe ilitengeneza sauti kwa umeme, ikaiga lile wimbi la fidla nyingi. Haikufanana na fidla za kweli, lakini ilikuwa tamu kwa namna yake, na wapiga disko wakaipenda.

Halafu mwaka 1979, Sydney, Australia, ikatoka Fairlight CMI. Hii ilikuwa kompyuta yenye kinanda, na bei yake ni ya kununua nyumba. Iliweza kurekodi sauti yoyote na kukuruhusu uipige kwenye vitufe. Kati ya sauti zilizokuja nayo kulikuwa na moja fupi: okestra nzima inapiga kwa nguvu mara moja, "PAAH!", basi. Sauti hiyo ilikatwa kutoka kwenye rekodi ya The Firebird, muziki wa dansi ya jukwaani wa Mrusi Igor Stravinsky uliopigwa mara ya kwanza Paris mwaka 1910.

Mwaka 1982 vijana wa New York, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, wakaitumia hiyo "PAAH!" kwenye Planet Rock. Ngoma ya mashine chini, okestra ya Stravinsky juu, watu wa Bronx wanacheza. Kuanzia hapo kila mtu akaitaka. Hip hop, disko, pop, mpaka muziki wa matangazo ya televisheni. Ukiisikia leo utaijua ndani ya nusu sekunde.

Miaka mitano baadaye, 1987, Detroit nao wakaleta ya kwao. Derrick May, akitumia jina la Rhythim Is Rhythim, akatoa Strings of Life. Hiyo ni tekno, muziki wa mashine kabisa, lakini kinachobeba wimbo ni piano na vipande vifupi vya fidla vinavyodunda kama ngoma. Haina hata mstari wa besi. Watu wakaelewa kwamba fidla si lazima zilie kwa huzuni kama kwenye filamu za Kihindi. Fidla zinaweza kudunda.

Namba 49 na namba 56

Sasa hapa ndipo stori inaanza kuja kwetu. Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda duniani walikubaliana orodha moja inayoitwa General MIDI: sauti 128, kila moja na namba yake, ili wimbo uliotengenezwa kwenye mashine ya Yamaha ufunguke vizuri kwenye ya Roland.

Kama una kinanda nyumbani, au kanisani kwenu kipo, kakitazame. Namba 41 ni fidla moja. Namba 46 ni fidla zinazodonolewa kwa vidole. Namba 49 ni kundi zima la nyuzi, imeandikwa String Ensemble 1. Namba 53 ni kwaya ya "aaah". Namba 56 ni Orchestra Hit, yaani mtoto wa ile "PAAH!" ya Stravinsky. (Baadhi ya mashine huanza kuhesabu na 0, kwa hiyo utaona 48 na 55. Usipaniki.)

Sasa tafuta Afrika humo. Namba 109 kuna kalimba, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Namba 114 kuna kengele za agogo. Banjo namba 106 babu yake alitoka Afrika Magharibi, lakini imeandikishwa kama Mmarekani. Zaidi ya hapo, karibu kimya. Hakuna zeze, hakuna litungu la Wakurya. Japani ina koto, shamisen na ngoma ya taiko. Scotland ina filimbi zao za mfuko. Sisi tulio na ala mia kidogo tukapewa viti viwili au vitatu vya nyuma.

Simlaumu mtu. Waliokaa mezani waliandika walichokijua. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa Musoma akigusa kinanda kwa mara ya kwanza, na wengi wetu mkoa huu tulikigusa kwaya, sauti ya kwanza inayomshangaza ni namba 49. Anabonyeza vitufe vitatu, na ghafla ana watu hamsini wanampigia. Nani atakumbuka ala ya babu yake akiwa na watu hamsini mkononi?

Kinanda kinamtoa mpiga fidla kwenye kiti

Miaka ya 1990 taarab nayo ilibadilika. Vikundi kama East African Melody na TOT, ile ya Khadija Kopa, vilileta kile kilichokuja kuitwa taarab ya kisasa. Mafumbo yakapungua, mipasho ikapanda, watu wakaacha kukaa kwenye viti wakaanza kucheza. Baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf ikaja na moto wake.

Na jukwaani? Zile fidla zikaanza kupungua, nafasi yake ikachukuliwa na vinanda. Mtu mmoja mwenye kinanda alipiga kazi ya fidla, kanuni na akodiani. Hesabu yake iko wazi: basi la watu ishirini na mizigo yao, au gari dogo la watu wanane. Mwenye kikundi angechagua nini?

Lakini tusiwadharau wale wapiga vinanda, maana walikuwa na kazi ngumu kweli. Muziki wa Kiarabu una noti zinazokaa katikati ya vitufe, nusu ya nusu. Kinanda cha kawaida hakina hizo noti. Wengine walitumia gurudumu la pembeni kuzipinda sauti kidogokidogo, mpaka kampuni zikaanza kutoa vinanda maalum kwa soko la Kiarabu, vyenye uwezo wa kubadilisha noti zenyewe. Waliiga mpaka ile tabia ya fidla kumjibu mwimbaji. Walikuwa wanacheza kumbukumbu ya watu ishirini kwa vidole kumi.

Sasa nitajie mpiga kinanda mmoja wa taarab ya kisasa. Siyo mwimbaji. Mpiga kinanda. Ukimtaja, wewe ni mdau wa kweli. Wengi wetu hatumjui hata mmoja, na vidole vyao tumevicheza maisha yetu yote.

Uswahilini wanakata na kuongeza kasi

Miaka ya 2000, Dar es Salaam, maeneo ya Manzese, Tandale na Mburahati. Kuna sherehe za mtaani zinazokesha, maarufu kama vigodoro. DJ hana bendi, hana pesa ya studio. Ana kompyuta na nyimbo za taarab. Anachofanya: anachukua kile kipande ambacho mwimbaji amenyamaza na vinanda vinajibu, anakikata, anakirudiarudia, halafu anaongeza kasi. MC anashika maiki, anachana juu yake. Hapo ndipo singeli ilipozaliwa, na Msaga Sumu akapanda nayo mpaka akaitwa mfalme.

Ukielewa hilo, utaielewa ile sauti ya nyuki. Rekodi ukiikimbiza mara mbili, sauti inapanda juu oktavu moja. Fidla ya kinanda iliyokuwa inalia taratibu inageuka kuwa kitu chembamba, chenye wazimu, kinachopiga kelele. Hakuna fidla halisi inayoweza kupigwa vile.

Baadaye maprodyuza wakaacha kukata nyimbo za wengine, wakaanza kutengeneza vipande vyao kwenye FL Studio, ile programu ya Wabelgiji iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiitwa FruityLoops. Sisso Studios ya Mburahati ikawa kiwanda. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na mwaka uliofuata albamu ya Bamba Pana, Poaa. Wazungu wakaanza kucheza singeli kwenye kumbi za Ulaya bila kuelewa neno hata moja.

Kwa hiyo ukichora mstari: okestra ya Cairo, fidla za Unguja, kinanda cha taarab, mkasi wa DJ wa Manzese, ukumbi wa Bunda. Ile fidla ya babu imepita kwenye mikono yote hiyo. Na kila ilipopita, iliacha jina la mtu nyuma.

Somo dogo kwa wanaotengeneza biti

Najua humu kuna maprodyuza wa Nyasho na Bweri wanasoma, kwa hiyo tuongee kazi kidogo.

Singeli inakwenda BPM 200 mpaka 300. Chukua 240: hapo kuna mapigo 4 kwa sekunde, pigo moja ni robo sekunde. Sauti nyingi za nyuzi, kama ile namba 49, zimetengenezwa zipande taratibu, kama upepo unaoanza. Ikichukua nusu sekunde kufika juu, pigo limeshapita mara mbili kabla haijafika. Ndiyo maana biti yako inasikika kama ina matope. Tatizo siyo spika. Tumia nyuzi zinazokatwa fupi au zinazodonolewa, au fungua mipangilio ya ile sauti upunguze muda wa kupanda mpaka karibu na sifuri. Nyuzi ndefu ziweke nyuma kabisa, ziwe kama pazia, zibadilike baada ya mapigo 8 au 16.

Pili, okestra ya kweli ni watu, na watu hawaanzi sekunde ileile wala kwa nguvu ileile. Ukiacha noti zote zina nguvu 100, masikio yanajua ni mashine. Zipandishe na kuzishusha, zisogeze kidogo sana kushoto na kulia.

Tatu, acha nafasi. Walimu wetu wa taarab walijua: fidla inajibu, haimkatizi anayeimba. Ukiweka nyuzi kila mahali, MC wako ataimbia wapi?

Butiama walishatuambia

Ukitoka Bunda kwenda Musoma, kuna njia ya kukata kwenda Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, alihutubia Bunge na kutangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Akashangaa kwamba wengi walijua kucheza waltz, foxtrot na rumba, ila hawajui kucheza wala hata hawajawahi kusikia gombe sugu au lele mama.

Watu wengi huitumia hotuba hiyo kuwachapa vijana: mmeacha asili, mnacheza vya watu. Mimi siisomi hivyo. Hata aliyeitoa alikuwa mtu aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Hakukataa cha mgeni, alikipa lugha yetu. Na singeli imefanya kitu kama hicho: imechukua fidla iliyotoka mbali ikaifanya iongee Kimanzese.

Swali langu ni lingine. Sisi wa Mara tunaingiza nini humo ndani?

Maana vitu tunavyo. Wakurya wana litungu, wenyewe wanasema iritungu, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito ya mkwaruzo ambayo unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Wajaluo wa Rorya wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane, na orutu, fidla ya waya mmoja inayopigwa kwa upinde. Soma hiyo tena: fidla, yetu, ipo Rorya, na sisi tunatafuta fidla kwenye plagini ya Ulaya!

Na litungu halijafa. Ingia YouTube utaona video za Tarime, watu wanapiga na watu wanacheza. Lakini pale ni wimbo uliokwisha kukamilika. Prodyuza akifungua programu usiku, kwenye orodha ya sauti hakuna litungu, noti moja moja, tayari kubonyezwa. Namba 49 ipo. Na mtu aliyechoka saa nane usiku anachukua kilicho karibu. Hivyo ndivyo ala inavyopotea, bila mtu yeyote kuikataa.

Kumbe babu alikuwa na lake

Wiki mbili baada ya harusi nilimtafuta yule babu. Nikamwambia babu, nimelipata jibu la swali lako, ila ni refu. Akasema yeye hana haraka. Nikamsimulia yote, Cairo mpaka Manzese. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye zile sauti 128 akauliza, "Na litungu ni namba ngapi?"

Nikamwambia halina namba.

Akanyamaza kidogo. Halafu akamtuma mjukuu wake ndani, akarudi na litungu. Kumbe babu alikuwa mpigaji miaka yote ya ujana wake, na pale harusini alikuwa anamtafuta mwenzake wa kazi ili amsalimie.

Nilikuwa na rafiki yangu prodyuza, mtu wa Nyasho, amekuja na maiki ya kuazima. Tukafunga madirisha, tukawafukuza kuku. Babu akapiga uzi mmoja mmoja, polepole mara tatu, kwa nguvu mara tatu. Nyuzi nane, sauti arobaini na nane. Kuna jogoo kwenye sauti ya kumi na saba, tumemwacha. Ilichukua chini ya saa moja. Saa moja, wadau! Kwa kitu ambacho hakimo kwenye orodha ile ya 1991.

Usiku ule rafiki yangu akaziingiza kwenye FL Studio, akaweka mdundo wa 220 chini. Litungu likaanza kujibu, lile jibu la taarab, lakini kwa sauti ya Tarime. Sitasema ni wimbo mkubwa. Ulikuwa biti ya dakika mbili. Lakini nilikuwa sijawahi kuisikia ile sauti ikidunda vile, na sikutaka iishe.

Tukampigia babu simu, tukamsikilizisha. Akacheka sana. Halafu akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: "Humo ndani mmeandika ni nani anapiga?"

Tukatazamana. Faili lilikuwa linaitwa "litungu mpya 1".

Rafiki yangu akabadilisha palepale. Jina la babu, la baba yake, kijiji chake, tarehe. Tukakubaliana pia: wimbo wowote utakaotoka na sauti zile, jina lake linaandikwa kama mpigaji, na ukiingiza pesa ana fungu lake. Tumeandika kwenye karatasi, ana nakala yake, sisi tuna yetu. Hapa simtaji kwa sababu aliniambia mtandaoni hataki kelele, na neno lake naliheshimu. Lakini kwenye faili yupo. Atakayelifungua miaka hamsini ijayo hatauliza kama babu alivyouliza Bunda.

Sasa nyinyi. Mtaani kwako, Musoma, Serengeti, Rorya, Bunda, Butiama, popote, kuna mzee anayepiga kitu ambacho hakina namba? Hata kama hutengenezi biti, simu unayo. Mwamkie, muombe ruhusa, rekodi, na kabla ya yote andika jina lake. Halafu dondosha komenti hapo chini utuambie ni ala gani. Na kama unamjua mpiga kinanda yeyote wa taarab za zamani aliyewahi kutajwa kwenye kava, tutajie naye. Wa kwanza kumtaja namnunulia sangara pale Mwigobero.